Baba, Kengele Imelia

Namakwekwe, Mbale
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako. Mto wake uliotoboka bado upo, Mama hataki ubadilishwe. Mbele yangu ni ile kompyuta niliyokuletea kutoka Jinja. Kulia kwangu ni Hajati Zaina na cherehani yake, na chini ya meza, pale mguu wangu unapogusa, ni taipureta yako imefunikwa kitambaa.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha yetu. Wewe ulikuwa na Kiteso chako, Mama ana Kigisu chake, na katikati, katika vile vyumba viwili vya kambini Kimaka, mlinilea kwa lugha ya jeshi. Hapa Mbale nilipokuita barabarani kwa Kiswahili wazee waligeuka kutazama, kana kwamba kuna askari anakuja kumkamata mtu. Wao walikisikia kwanza midomoni mwa wanajeshi, katika miaka yao ile mibaya. Mimi nilikisikia ukiniambia nivae sweta.

Nina habari moja ya kukupa. Ni ndogo, na imechelewa. Kengele imelia.

Nitaanzia mbali kidogo, ingawa yote unayajua, maana nisipoyapanga yananisonga.

Unakumbuka Kimaka, ulipokuwa karani wa ofisi? Nikitoka shule nilikaa kwenye ngazi ya nje nikisikiliza mashine yako. Tak-tak-tak, halafu ting, halafu ule mkwaruzo wa karatasi kurudi mwanzo. Siku ambazo wakubwa walikuwa wameondoka uliniita ndani ukanipakata. Wewe ulichapa na mimi nilingoja. Kengele ikilia ulisema, "Rudisha, Afande!" nami nikausukuma ule mkono wa chuma kwa mikono yote miwili mpaka mstari mpya. Hapo ndipo nilipopata cheo. Mtoto wa karani akawa mkubwa kuliko baba yake, na hukunivua cheo hicho hata nilipokuwa mtu mzima mwenye kazi yake.

Ulipostaafu mkahamia huku kwa kina Mama. Nyumba ikawa Malukhu, na hapa Namakwekwe ukapanga chumba hiki chenye veranda. Watu wakaja na mambo yao: maombi ya kazi, malalamiko ya mipaka ya mashamba, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, matangazo ya misiba ya kupeleka redioni. Hajati alikuwa ameshatangulia na cherehani yake. Veranda moja, mashine mbili. Wapita njia walitania kwamba hawajui ni ipi inashona na ipi inachapa, na Hajati akawajibu kwamba nguo za karani ndizo zinazokuja na makosa ya herufi.

Kisha utepe wa wino ukaanza kuwa wa kutafuta mji mzima. Na macho nayo. Presha ya macho, daktari alisema, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Hukulalamika. Ulisema vidole vyako havijawahi kuhitaji macho, na ilikuwa kweli, uliijua kila herufi ilipo. Kitu kimoja tu ulikihitaji kutoka nje ya vidole: kujua mstari unaishia wapi. Na hilo kengele ilikuwa inakwambia.

Mimi nilikuwa Jinja, kwenye duka la kutengeneza kompyuta. Kuandika programu nilikuwa nimejifunza kwenye kozi fupi, na baadaye kwa kuwasumbua watu. Nikakuletea hii kompyuta, na ndani yake kihariri, programu ndogo ya kuandikia, ya bure, ambayo mtu yeyote anayeweza anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Ulibonyeza vitufe ukasema havina nguvu, vinasalimia kama mtu asiyekaza mkono. Kisha ukachapa kidogo, ukasimama, ukainamisha kichwa kama unayesikiliza mtu mlangoni.

"Hii kitu ni nzuri, Afande. Lakini kengele yake iko wapi?"

Nilicheka. Nikakwambia kompyuta haina kengele, mstari unajirudisha wenyewe.

"Unajirudisha bila kuniambia?"

Kidole chako hakikukubali. Kilizoea kumaliza mstari chenyewe, kwa hiyo kilibonyeza kwa kukisia, mara mapema, mara kwa kuchelewa, na karatasi ikatoka kwenye printa ina mistari mirefu na mifupi kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Wewe hukuyaona. Wateja waliyaona.

Jumapili moja nilijaribu. Nilikifungua kihariri nikaichomeka kengele humo humo tumboni, haraka haraka, nikikukatiza katikati ya malalamiko ya yule mama mjane wa Malukhu kuhusu mpaka wake, kisha ukaendelea kuchapa. Ikalia. Uso wako ukafunguka wote. Ikalia tena, kisha ikawa inalia kila herufi, kama baiskeli ya muuza maziwa, kisha kihariri kikaganda, na malalamiko yote ya asubuhi yakapotea. Yule mama alikuwa amekaa hapo kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Wewe ulimwomba radhi kwa niaba yangu ukaanza upya kutoka "Mheshimiwa".

Nilitaka ardhi inimeze. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, umenishika bega, ulisema kitu kimoja tu: "Lakini ililia."

Nilidhani ulikuwa unanifariji. Siku hizi naona kwamba ulikuwa unaomba.

Nikarudi Jinja na uamuzi kwamba sitafanya tena kazi ya hovyo mbele ya wateja wako. Nitafanya vizuri. Nilipokuja tena nilikueleza, nikiwa kwenye benchi hilo hilo. Nikiingiza kila kitu tumboni mwa kihariri, kimoja kikiharibika kinaharibu vyote, kama tulivyoona. Afadhali nijenge kwanza kiunzi. Kihariri kikifunguliwa, kiunzi kinakwenda kwenye folda moja, kinatazama nani yumo, kinamuuliza kila mmoja jina lake na kazi yake. Mmoja atasema: mimi ni kengele, niamsheni mstari ukikaribia kwisha. Mwingine: mimi ni msomaji, niamsheni akitaka kusomewa alichoandika. Mwingine atakuwa wa kukuza herufi. Kila mmoja anakaa kwake. Mmoja akianguka, wengine wanaendelea na barua ya mtu haipotei. Vitu hivyo vidogo vinaitwa programu jalizi.

Ulisikiliza mpaka mwisho. Halafu ukasema, "Ni kama singe."

Hajati aliinua macho kwenye kitambaa chake. "Singe ndiyo nini, bwana?"

"Kile kisu cha kuchomeka kwenye mdomo wa bunduki. Bunduki inatoka kiwandani na mahali pake pa kuchomeka. Adui akija karibu, unachomeka. Akiondoka, unachomoa." Ukanigeukia. "Sasa mahali pa kuchomeka umeniambia, Afande. Singe yenyewe ni lini?"

"Ngoja kidogo, Baba."

"Ndiyo, Afande."

Ndivyo ulivyojibu, na mkono ukaupeleka kwenye paji la uso, na sote watatu tukacheka.

Nilifanya kazi kweli, Baba, usije ukadhani nilikuwa nalala. Kila jioni baada ya duka kufungwa nilibaki kwenye meza ya nyuma. Kiunzi kikasimama. Kikajifunza kwenda kwenye folda na kuita majina, na kwa ajili yako nikakifanya kiite kijeshi, nikaja kukuwekea kwenye kompyuta yako. Kihariri kilipofunguka, juu kabisa palitokea maandishi makubwa. Folda ilikuwa bado tupu, kwa hiyo yalisema: "Paredi: hakuna aliyefika."

Nilidhani ni mzaha mzuri. Na ulikuwa mzuri. Kila asubuhi Hajati alikusomea kwa sauti ya sajini mpaka wa upande wa pili wa barabara wakasikia, "Bwana karani! Inasema hakuna aliyefika!" Nawe ukawa na jibu jipya kila siku. Wako likizo. Wamekwenda kuoa. Wamesikia kuwa posho ni ile ile ya jana. Jioni ulinipigia simu kunieleza jibu la siku hiyo, nami nikacheka huko Jinja, simu begani, mikono ikiendelea kukirembesha kile kile kiunzi kisichokuwa na mtu ndani yake.

Pasaka nilipokuja nilikuta umejitafutia dawa. Hajati alikuwa ameisogeza cherehani karibu na meza yako. Mguu wake ulikanyaga, mkono wake ulipeleka kitambaa, na jicho moja lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Mstari ulipokaribia pambizo alisema, bila hata kuinua kichwa, "Ting, bwana." Nawe ukabonyeza, ukatabasamu, ukaendelea. Gauni la bibi mmoja lilitoka na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na Hajati akamwambia ni kosa la barua ya mchungaji, ilikuwa na mistari mingi.

Nilicheka hadi machozi. Nikasema, "Baba, umepata kengele yenye miguu."

"Na inafunga Ramadhani," ukasema. "Jeshi zima sijapata kuona kengele inayofunga."

"Funga na wewe," akasema Hajati, "tuone kama utachapa hata tarehe."

Nikaondoka Jumatatu moyo wangu mweupe. Niliona unaendelea vizuri. Niliona hakuna haraka.

Ambacho sikukiona nimekisikia kwa Hajati baada ya kukuzika. Alinieleza kwamba alikuja mwalimu mmoja na karatasi mkononi, jambo la yeye na mkewe. Alitazama kioo, akamtazama Hajati aliyekaa pale, akaikunja karatasi. Hajati akamwambia, "Mimi sisomi mambo yenu, mwalimu. Mimi ni kengele." Mwalimu akacheka kwa adabu, akaondoka nayo mfukoni. Baada yake, wengine wenye mambo ya ndani nao wakaacha kuja. Wakabaki wa matangazo na wa kumbukumbu za mikutano. Hajati alitaka kunipigia simu, ukamkataza. Ulimwambia, "Mtoto anajenga. Tusimsumbue."

Nimelirudia neno hilo mara nyingi. Mtoto anajenga.

Kwa kweli nilikuwa nimenogewa. Nilikuwa nimekiweka kiunzi mtandaoni ili wengine wenye kihariri kama hicho wakitumie, na wakaanza kukitumia. Mtu wa mbali, ambaye sitamwona kamwe, aliomba maneno yake yawe na rangi. Nikamfanyia wiki ile ile. Mwingine akaomba kiunzi kiweze kupanga nani aamke kwanza na nani amfuate. Nikabomoa nusu nikajenga upya. Wakanisifu, Baba. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa na watu wasionijua, na sikujua kama sifa zinaweza kumlewesha mtu aliyekaa tu dukani na kikombe chake cha chai. Wao waliandika maombi yao na maombi yakakaa mbele ya macho yangu. Wewe lako ulilisema kwa mdomo, na tena, na tena, kwa upole, na kwa sababu ulikuwa baba yangu nilidhani utaendelea kuwepo wa kulisema.

Mara ya mwisho ulisema hivi: "Afande, leo nimechapa barua ya kanisa peke yangu. Hajati amekwenda msibani. Sijui mistari imekwenda wapi."

Sauti yako haikuwa na mzaha siku hiyo. Niliisikia. Nikasema, "Ngoja kidogo, Baba, nikija nakuja nayo."

Na wewe ukanipa jibu lako lile lile, kama kawaida yako.

Simu iliyofuata kutoka Mbale ilikuwa ya Hajati. "Apolot, toka Jinja sasa hivi. Usiniulize kitu." Faili la kengele lilikuwa wazi mbele yangu. Lilikuwa na jina tu, ndani hamna kitu. Nilipofika Mbale, ulikuwa umeshaondoka. Walisema ulianguka hapa hapa, kati ya kiti na mlango, na hukuteseka. Nimeamua kuamini hivyo.

Tulikuzika kwenu, kando ya mama yako. Walikuja wazee uliokuwa nao Kimaka, wawili watatu, na makoti yao ya zamani. Mmoja aliponishika mkono aliuliza, "Wewe ndiye Afande?" Nikatikisa kichwa, na hadi leo sijui kama alielewa kuwa nilisema ndiyo au hapana.

Hayo ndiyo ya nyuma. Sasa ya leo.

Mwenye chumba alikuwa ameuliza kama tunaendelea nacho. Mama alisema uamuzi ni wangu. Asubuhi nikaja na maboksi, Mama nyuma yangu na chupa ya uji. Nilitaka kwanza kutoa barua zako kwenye kompyuta kabla sijaifunga, kwa hiyo nikaiwasha na kufungua kihariri. Hajati alikuwa hapo anatia uzi kwenye sindano. Akatupa jicho, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kabla yeye mwenyewe hajauzuia: "Inasema hakuna aliyefika."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Boda boda zikapita nje kama siku zote.

Nikayasukuma maboksi kwa mguu, nikakaa kwenye kiti chako, nikaandika kengele. 

Baba, nataka ujue ilichukua muda gani, ingawa naona haya kukwambia. Mama alikuwa amenimiminia uji. Nilipomaliza, uji ulikuwa bado wa moto.

Na unajua kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu kiunzi ni kizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kingekuwa kibovu ningekilaumu, nikakifuta, nikalia nikamaliza. Lakini ni kizuri. Kengele iliingia mahali pake bila kugusa kitu kingine, kama vile ulivyosema, singe kwenye bunduki. Mahali pa kuchomeka palikuwa tayari tangu kabla ya Pasaka. Kilichobaki kilikuwa uji wa kikombe kimoja.

Sauti ndiyo iliyonishinda. Kompyuta ilikuwa na mlio wake, mlio kama wa kuku aliyekanyagwa. Mama aliusikia kutoka mlangoni akakunja uso. Aliinama, akaivuta taipureta kutoka chini ya meza, akakiondoa kitambaa na kukikunja vizuri, akasema, "Kengele ya baba yako ni hii."

Kwa hiyo nikashika simu karibu na mashine kurekodi, na Mama akaisukuma roli ya karatasi kwa kidole kimoja, taratibu, akiogopa kuiumiza. Mara ya kwanza akauliza "Tayari?" katikati ya mlio. Mara ya pili Hajati alipiga chafya. Mara ya tatu ilitoka safi, isipokuwa kwa nyuma, ukisikiliza sana, kuna cherehani inatembea, kwa sababu Hajati alisahau kuinua mguu. Nimeiacha hivyo. Nilifikiri hivyo ndivyo wewe ungeitambua.

Nikachapa mstari mmoja wa kujaribu. Mwisho wa mstari ikalia.

"Hapana," akasema Hajati. "Hiyo imechelewa."

Nikamwambia imelia pale pale mstari unapoishia.

"Ndiyo nakwambia imechelewa. Mimi nilikuwa nasema ting mapema, ndugu yangu. Ukisema mwisho kabisa, mtu amekatika katikati ya neno. Unamwachia nafasi amalize."

Hapo nikakukumbuka, Baba. Si hapa, ni Kimaka, mimi mapajani mwako, nikiwa nimesukuma ule mkono wa chuma mara tu niliposikia ting, na neno lako likakatika vipande viwili. Hukunigombeza. Ulisema, "Polepole, Afande. Kengele haisemi umemaliza. Inasema bado unayo nafasi ya neno moja." Nililisahau kabisa. Nilijenga nyumba yote hiyo ya kengele nikiwa nimesahau kengele inasema nini.

Nikairudisha nyuma kidogo kutoka kwenye pambizo. Nikakifunga kihariri, nikakifungua upya. Kiunzi kikaita majina, na juu ya kioo yakatokea maandishi ambayo hayajapata kutokea hapa: "Paredi: Kengele amefika."

Nikachapa. Mstari ukasogea, ukasogea, na ikalia. Ile ile. Mama aliyekuwa anafuta taipureta akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina. Alitazama mlango wa ndani, pale ulipokuwa unatokea ukitafuta chai. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja, kitambaa mkononi.

Hajati ndiye aliyetuokoa. Aliitazama kompyuta kutoka juu mpaka chini, akasema, "Eh. Basi nimefukuzwa kazi."

Tulicheka, Baba. Mama alicheka kwanza, akilia. Hajati akaendelea kulalamika, kwamba ametumika bila barua ya ajira na sasa anaondolewa bila hata kuagwa, na mashine yenyewe haifungi wala haiswali. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba. Aliinuka, akaishika cherehani yake kwenye miguu ya mbele ya meza yake, akaikokota kwenye saruji ikipiga kelele, akaigeuza. Sasa imetazama barabara. Akikaa kushona, mgongo wake uko kwenye kompyuta.

"Mwalimu akirudi," akasema, "asije akanikunjia tena karatasi."

Basi maboksi nimeyarudisha stoo. Tutaendelea na chumba. Nimekubaliana na watu wa dukani Jinja niwe huku kila Jumamosi. Siku nyingine Hajati atachapa matangazo, maana kwa kukutazama amejifunza kuliko tulivyodhani, vidole viwili lakini havikosei. Yeye mwenyewe ametoa amri: "Matangazo yaje siku yoyote. Siri zingoje Jumamosi." Leo ameshachapa moja, la harusi, na kila kengele ilipolia alijibu "Naam."

Sitakudanganya kwamba hili limefuta kitu. Nilipokuwa narudi kwenye kiti nilijikuta nimeinua simu kukupigia, nikuwekee sikioni uisikie. Nilishaitafuta namba yako. Kilichokuwa chako kimekuja wewe hupo, na hakuna namna nzuri ya kukisema. Ningeweza kukuachia hata ile ya kwanza, mbovu, iliyolia kama baiskeli. Ungeipenda. Ungemwomba mteja radhi ukaanza upya kutoka "Mheshimiwa", huku unatabasamu.

Ahadi yangu ni hii. Mtu wa nyumbani akiniomba kitu kidogo, nitampa hicho kidogo kwanza, hata kikiwa kibaya, halafu ndipo nijenge. Na nianze leo. Mama alisema asubuhi kwamba komeo la mlango wa jikoni kule Malukhu limelegea, mlango unafunguka wenyewe. Nilikuwa tayari na mawazo ya kubadilisha mlango mzima na fremu yake. Neno "ngoja" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nimelimeza. Bisibisi iko mfukoni mwangu, na nikimaliza barua hii naenda kulikaza kabla jua halijashuka.

Barua hii nimeichapa yote kwa kengele yako. Kila mstari imelia, na kila ilipolia nimemaliza neno langu kwanza, kama ulivyonifunza, kabla ya kurudi mwanzo. Lala salama, Baba. Taipureta nimeifunika. Mto wa kiti hautabadilishwa.

Sasa imelia tena, na mbele yake nimebakiwa na nafasi ya maneno mawili mafupi. Ni jibu lako la kila mara nilipokwambia ngoja, na mimi ndiye niliyepaswa kukujibu hivyo, siku ile ya kwanza ulipoinamisha kichwa ukauliza kengele iko wapi.

Ndiyo, Afande.

Apolot